Ubwiriunga kwenye mikorosho ya zamani, Newala: shajara ya msimu wa 2024/25

4 Mei 2024: Shamba lilivyo

Shamba ni la mjomba, lipo uwanda wa Makonde upande wa Newala. Lina mikorosho 110. Mingi ilipandwa kabla ya Operesheni Vijiji, ikaachwa watu walipohamishwa, ikaja kufufuliwa baadaye. Nafasi kati ya mti na mti ni mita nane au tisa, na matawi yameshikana kiasi kwamba saa sita mchana unatembea kivulini kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Msimu uliopita tulipata kilo 410 za korosho ghafi. Salfa ilipulizwa, tena si haba, na maua yakaungua vilevile.

Nimeomba kusimamia msimu huu na kuandika kila shilingi. Mjomba amekubali kwa masharti mawili: nisikate mti kabla ya kumwonyesha, na nisimletee kilimo cha kwenye simu.

Kwa msomaji ambaye hajaukuta ugonjwa huu: ubwiriunga ni kuvu, wataalamu wanaiita Oidium anacardii. Inaonekana kama unga mweupe unaoelekea kijivu juu ya machipukizi, maua, mabibo na korosho changa. Ua lililoshikwa halifunguki, linakauka kahawia, kisha kikonyo kizima, yaani kijitawi kinachobeba maua, kinakuwa cheusi kama kimepitiwa na moto. Shamba lisilotunzwa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Wazee wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa. Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, na 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Si ubwiriunga peke yake uliofanya hivyo, maana watu walikuwa wamehamishwa mbali na miti yao, bei ilikuwa ndogo na mashamba yamegeuka pori. Ila ugonjwa ulipotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuta pori lenyewe limeshaandaliwa. Matumizi ya salfa ya unga yalikuja kutokana na utafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, na tangu hapo ndiyo dawa yetu.

Jambo ambalo wengi tunalikosea ni kudhani kuvu hii inatoka angani mwezi wa saba. Haitoki huko. Haiwezi kuishi kwenye jani lililokomaa wala kwenye jani lililokufa, inahitaji kitu kibichi na kichanga. Masika yote inajificha kwenye maotea, yale machipukizi laini yanayochomoza shinani na kwenye matawi manene ya ndani ambako jua halifiki. Maua yakitoka, inapanda juu. Kwa hiyo msimu huu kazi inaanza Mei, kwa panga na msumeno, na salfa itafuata baadaye.

1 Juni: Msumeno na panga

Tumekata mikorosho 18, imebaki 92. Tumechagua ile ambayo mjomba mwenyewe anasema haijawahi kujaza hata debe, na ile iliyobanwa kati ya miti miwili mizuri. Mti mmoja uliokuwa kwenye orodha umepona, si kwa sababu ya korosho zake bali kwa kuwa ndio alama ya mpaka na ukoo wa pili. Hiyo ni kesi ambayo salfa haiitibu.

Kukata kwa msumeno wa moto: 12,000 kwa mti, jumla 216,000. Kuni na mkaa vimerudisha 130,000. Kupogoa miti iliyobaki, yaani kutoa matawi yanayogusa chini, makavu na yanayopishana, pamoja na maotea: 2,000 kwa mti, jumla 184,000. Palizi 150,000.

Maotea ndiyo yaliyonifanya niamini mpango huu. Chini ya mti mmoja wa bondeni nilichuma tawi la otea lenye urefu wa mkono. Majani yake yalikuwa laini, ya rangi ya kijani kilichopauka, mawili ya juu yamejikunja. Nilipolipitisha kidole gumba, unga ulitoka, chini yake jani likabaki na baka la hudhurungi. Huo ulikuwa mwezi wa tano, hakuna ua hata moja shambani, na mti ule peke yake ulikuwa na maotea ya namna hiyo karibu mkokoteni mzima.

Mambo mawili yalikwenda kombo hapa. La kwanza ni ukataji. Vibarua walikata maotea juu juu, wakaacha visiki vya urefu wa kidole, na baada ya wiki mbili kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi manne au matano badala ya moja. Imebidi kurudia nusu ya shamba, panga likilazwa sambamba na gamba la shina. Unapopatana na mtu bei ya kupogoa, mwonyeshe kwanza mti mmoja uliopogolewa sawasawa, kisha ndiyo mpatane.

La pili ni moto. Watu wamezoea kulundika takataka na kuzichoma papo hapo chini ya mti, eti kuua ugonjwa. Mikorosho miwili imebabuka matawi ya chini. Hakuna sababu ya kuchoma: kuvu hii inakufa pamoja na jani lenyewe, na otea lililokatwa likikauka juani halina tena cha kuambukiza. Sasa tunatandaza kwenye nafasi kati ya mistari na kuliacha jua lifanye kazi bure.

16 Juni: Kusoma machipukizi

Kipupwe kimeingia. Asubuhi kuna ukungu mpaka saa mbili, mchana jua la wastani. Hali hii ndiyo ubwiriunga inaipenda: hewa yenye unyevu usiku, bila mvua ya kuiosha. Tofauti na magonjwa mengi ya majani, hii haihitaji jani lilowe ndipo iote. Unyevu wa hewa unaitosha.

Desturi ya kijiji ni kwamba salfa inaanza siku mashine zinaposikika kwa jirani. Shida ni kwamba mikorosho yetu ilipandwa kwa mbegu za kuokota, kila mti una tabia zake. Leo kuna miti ina vikonyo vya urefu wa kidole na mingine haijatikisika. Nimefunga vitambaa: chekundu kwa inayowahi, cheupe kwa ya kati, na inayochelewa haina kitu. Miti ya juu, 52, karibu yote imepata chekundu au cheupe. Miti ya bondeni, 40, mingi haina kitambaa.

Salfa inalinda, haiponyi. Mvuke wake unazuia kuvu isiote kwenye kikonyo kisafi. Kikonyo kilichokwisha kuwa cheupe utakipaka salfa mpaka kiwe njano na bado kitakauka. Maana yake, ukisubiri uone unga ndipo utafute mafuta ya mashine, umechelewa kwa kikonyo hicho na unawahi tu kwa vile vinavyofuata.

Uamuzi: juu tunapuliza salfa ya unga, gramu 250 kwa mti kila baada ya siku 14. Bondeni tutatumia dawa ya maji, kila baada ya siku 21. Nimegawa hivyo kwa sababu ya baridi. Salfa inategemea joto ili itoe mvuke, na kule bondeni jua linachelewa kufika.

29 Juni: Salfa iliyoganda

Mzunguko wa kwanza umefanyika, lakini kwa tabu.

Mifuko miwili ya kilo 25 ni ya ruzuku, tumegawiwa kupitia chama cha msingi. Mfuko wa tatu nimenunua dukani kwa 48,000. Mmoja kati ya ile miwili ulikaa kwenye sakafu ya udongo tangu ulipofika, na ulikuwa umevuta unyevu. Kwa nje unaonekana sawa, ila ukiubonyeza unasikia mabonge. Mpulizaji alijaza tangi, akawasha, na mti wa kwanza ukapata wingu zuri kwa muda mfupi tu. Kisha mashine ikaanza kukohoa: inatema donge, inanyamaza, inatema tena. Miti kama kumi ilipata salfa upande mmoja, na mingine ilipigwa na vidonge vilivyoanguka chini kama mchanga. Kulipotulia tukakuta mdomo wa tangi umezibwa na tope la njano.

Tulichofanya: kuchekecha salfa yote kwa chekeche la plastiki lenye matundu madogo, na mabonge kuyavunja kwa mkono wenye glavu. Chekeche na ndoo 8,000. Msitumie chekeche la chuma na kulisugua kwa nguvu, wala msichekeche karibu na jiko au mtu anayevuta sigara. Vumbi la salfa linashika moto, na likiwa limetanda hewani linaweza kulipuka. Kwa sababu hiyo hiyo mashine za unga zinakuja na mnyororo mwembamba unaoburuzika ardhini: unatoa umeme unaojikusanya kwenye bomba unga unapopita. Wa kwetu ulikuwa umekatika zamani, na mpulizaji alikuwa anasema mashine "inamng'ata" kila alipogusa tawi. Fundi ameufunga mwingine, akabadilisha na plagi na kusafisha kabureta, yote 30,000.

Mifuko sasa iko juu ya mbao, mbali na ukuta. Barakoa, miwani na glavu za watu wawili 22,000. Miwani ni ya lazima. Salfa ikiingia machoni inachoma mpaka jioni, na dawa yake ni maji safi mengi, si kufikicha.

Miti ya mistari ya mwanzo tumeirudia kesho yake alfajiri.

13 Julai: Saa ya kupuliza

Mzunguko wa pili umenipa jaribio ambalo sikulipanga. Mafuta yaliisha katikati ya kazi. Mistari ya mashariki ilipulizwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na ya magharibi ikaja kupulizwa saa tatu kasoro, kusi likiwa limeshaamka.

Ukiona kwa macho huhitaji mtaalamu. Alfajiri hewa imetulia. Mpulizaji anasimama hatua kadhaa nje ya mti, anaelekeza bomba juu kidogo, na unga unapanda polepole, unaingia ndani ya matawi, unakaa humo kama moshi wa jikoni kwenye paa la makuti. Majani yana umande, unga unanata. Saa tatu wingu lile lile lilipanda hadi nusu ya mti, upepo ukalikamata, likaelekea kwenye mihogo ya jirani. Nilipopita baadaye na kugeuza majani ya kileleni, upande wa mashariki kila jani lilikuwa na vumbi jembamba la njano. Magharibi majani ya juu yalikuwa safi kabisa, na vikonyo vingi viko huko juu.

Kuanzia sasa saa mbili asubuhi mashine inazimwa, kazi ikibaki ibaki. Mpulizaji analipwa 400 kwa mti, kwa hiyo anataka amalize siku hiyo hiyo. Tumekubaliana alipwe pia kwa asubuhi anayokuja na kukuta upepo, kiasi kidogo cha chai. Ni nafuu kuliko kuwapulizia watu mihogo.

Petroli na oili, nitajumlisha mwishoni. Mashine hii inataka mchanganyiko, usiijaze petroli tupu. Mashine mbili za kijijini zimekufa mwaka huu kwa sababu hiyo.

22 Julai: Dawa ya maji bondeni

Bondeni vikonyo vimetoka kwa wingi wiki hii. Nimenunua dawa ya maji ya kundi la triazoli, lita mbili kwa 38,000 kila moja. Dawa za kundi hili zinaingia ndani ya jani, kwa hiyo zinaweza kuzima maambukizi machanga ambayo salfa ingeshindwa nayo. Ubaya wake ni kwamba ukiitumia peke yake mwaka hadi mwaka, kuvu inaizoea. Kwa hiyo msimu ujao pande zitabadilishana.

Kupuliza maji ni polepole kuliko unga, kibarua 700 kwa mti. Maji yenyewe ni mzigo, huku juu ya uwanda kila ndoo ina bei yake. Hii ndiyo sababu watu wengi wa Newala wanabaki na salfa, wala si ushamba.

Mpulizaji aliongeza dawa kuliko kipimo "ili ikolee". Nimeshika kizibo cha kupimia mimi mwenyewe kuanzia tangi la pili. Kipimo ni cha kwenye lebo ya chupa uliyonunua, si cha chupa ya jirani, kwa sababu dawa mbili zenye rangi moja ya maji zinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa.

12 Agosti: Vikonyo vikavu visivyo na unga

Salfa imeshapita mzunguko wa nne juu, na leo bondeni wamepata maji mara ya pili. Ubwiriunga upo, lakini kidogo: kikonyo kimoja hapa, viwili pale, vingi ni vya mistari ya magharibi ile ya saa tatu. Mjomba alikuja, akatazama, hakusema kitu. Kwa anayemjua, hiyo ni sifa.

Tatizo jipya liko upande wa juu, kwenye miti kama 30. Vikonyo vinakauka kuanzia nchani, vinapinda kama ndoana. Mpulizaji akasema ubwiriunga umerudi, tuongeze salfa. Mwenye duka naye akasema hivyo hivyo na akawa tayari kuniuzia mfuko.

Nilikata vikonyo kadhaa nikakaa navyo kivulini. Hakuna unga. Badala yake kuna vidonda virefu vyeusi kwenye ngozi ya kikonyo na kwenye mishipa ya majani machanga, vingine vinatoa utomvu. Alfajiri ya kesho yake tukamkuta mwenyewe: mdudu mwembamba, miguu mirefu na vipapasio virefu, ukisogea anazunguka upande wa pili wa tawi. Ni mbu wa mikorosho. Anachoma na kufyonza, na pale alipochoma panakufa. Salfa hata ungemzika nayo, hajali.

Tofauti ya haraka ya shambani: ubwiriunga unafunika, mbu anatoboa. Kama kidole gumba hakitoki na unga, usifungue mfuko wa salfa.

Kiuatilifu cha wadudu 25,000, kupuliza miti 30 kwa 500 ni 15,000. Tumepuliza jioni, kwa sababu asubuhi maua yanatembelewa na nyuki na nzi, na hao ndio wanaotufungia korosho. Miti miwili yenye viota vya maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini wanaowinda wadudu, haikuwa na kidonda hata kimoja. Hatukuipuliza. Vibarua wanawachukia wale siafu wa juu kwa haki kabisa, wanauma, lakini kazi wanayofanya hakuna anayewalipa.

30 Agosti: Mpaka wa kusini

Mzunguko wa tano wa salfa ulikuwa tarehe 24. Mstari wa mpakani upande wa kusini umeshambuliwa kuliko mingine yote, ijapokuwa umepata dozi ile ile kwa saa ile ile. Sababu iko ng'ambo ya njia. Kuna pori la mikorosho ambalo mwenyewe yuko mjini, halijapaliliwa wala kupulizwa, na vikonyo vyake ni vyeupe tangu Julai. Kusi linatoka huko. Kila likivuma linatuletea mbegu mpya za kuvu.

Tulimtafuta kwa simu kupitia shemeji yake. Mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Shikamoo kaka. Tunaomba ruhusa tukate maotea na kupuliza mistari yako miwili ya mpakani, gharama juu yetu."

"Marahaba. Mikorosho yangu mnataka kuokota nyie?"

Ilichukua siku kadhaa na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba hatuna dai lolote juu ya miti wala mavuno yake. Ruhusa imepatikana wakati maua yameshapita, msimu huu haisaidii kitu. Nimeiweka barua, itatumika Mei. Ambaye shamba lake limepakana na pori la namna hii aanze mazungumzo wakati wa palizi, watu wakiwa bado hawajaona korosho juu ya mti.

14 Septemba: Mwisho wa kupuliza

Bondeni walimaliza mzunguko wa tatu tarehe 2. Korosho nyingi sasa zina ukubwa wa ncha ya kidole na kupita hapo, ngozi imekaza. Kuna maua ya mwisho mwisho yenye unga, tumeyaacha. Kupuliza kwa ajili ya hayo ni kutupa hela.

23 Novemba: Mavuno

Kufagilia chini ya miti tulifanya mwishoni mwa Septemba, kuokota kulianza katikati ya Oktoba. Hadi leo kilo 780 zimepelekwa ghalani, kilichobaki shambani ni cha watoto.

Mikorosho imepungua kutoka 110 hadi 92 na mzigo umekaribia mara mbili. Sitaki kuwapa dawa sifa zote. Kupogoa kumeingiza jua, na mwaka huu mvua ziliisha vizuri. Lakini kuna kulinganisha ndani ya shamba lenyewe. Mistari ya mashariki imeizidi ya magharibi kwa wazi, ingawa miti yake si mikubwa zaidi, na mstari wa mpaka wa kusini ndio wa mwisho kabisa. Bondeni kumetoa vizuri kuliko nilivyotegemea. Hapo sijui kusema ni dawa ya maji au ni maotea tuliyoyatoa, maana huko ndiko yalikojaa.

Ubora nao umepanda. Korosho changa iliyopitiwa na ubwiriunga inabaki na ngozi ya mabakamabaka na mara nyingi inakuwa ndogo. Mwaka jana tulichambua na kutenga magunia kwa hasira. Mwaka huu za kutenga hazikujaza hata gunia moja.

18 Januari 2025: Hesabu na udongo

Gharama za kupambana na ugonjwa, pamoja na palizi ya kwanza, kwa shilingi:

Kukata miti (baada ya kuuza kuni na mkaa) 86,000
Kupogoa na maotea 184,000
Palizi 150,000
Salfa ya kununua 48,000
Kibarua cha salfa, mizunguko mitano 104,000
Dawa ya maji 76,000
Kibarua cha dawa ya maji, mizunguko mitatu 84,000
Mbu wa mikorosho, dawa na kibarua 40,000
Petroli na oili 95,000
Mashine 30,000
Chekeche na ndoo 8,000
Vifaa vya kujikinga 22,000

Jumla 927,000, yaani kama 10,000 kwa mti, au takribani 1,190 kwa kila kilo iliyopatikana. Hapo sijaweka kuokota, usafiri wala makato ya ghalani. Chai za asubuhi za upepo na kurudia maotea niliyalipa kwa mihogo na mbaazi, hayamo. Linganisha mwenyewe na bei ya mnada wa kwenu. Kumbuka pia kwamba mifuko miwili ya salfa ilikuwa ya ruzuku. Ukiinunua yote, ongeza.

Kukata miti hakutarudiwa mwakani, na kupogoa kutakuwa kwepesi. Kwa hiyo fedha hizo nazielekeza kwenye udongo. Salfa inayoanguka chini haipotei. Vijidudu vya udongoni vinaigeuza kuwa asidi, na mchanga wetu wa uwandani hauna nguvu ya kuihimili. Nilichukua udongo chini ya mikorosho ya juu, iliyopata salfa kwa miaka mingi, na mwingine njiani ambako haijawahi kufika, nikapeleka kupimwa. Wa chini ya miti una asidi zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Mkorosho wenyewe unavumilia, lakini karanga tunazopanda katikati hazina uvumilivu huo, na mama wa nyumba hii amekuwa akilalamika miaka mitatu kwamba karanga za upande wa juu zinatoka maganda matupu.

Mipango ya 2025:

Pande zinabadilishana, juu dawa ya maji na bondeni salfa, ila bondeni salfa itaanza jua likiwa limeshapasha joto kidogo, kwa kuwa kule upepo unachelewa. Chokaa ya kilimo itawekwa juu kabla ya mvua zijazo, kwanza kwenye mistari minne tu ili tuone karanga zitasemaje. Maotea yataondolewa mara mbili, Mei na mwisho wa Juni. Mistari miwili ya pori la jirani imo kwenye bajeti, miti 14. Mjomba ametaja mwenyewe miti mingine sita ya kukatwa. Anataka mashina yake yabebeshwe vijiti vya mbegu bora za Naliendele badala ya kung'olewa, na amenituma niulize bei ya fundi wa kubebesha. Nikiipata nitaiandika hapa, pamoja na idadi ya vitakavyoshika.